Mtani Hasemi Pole

Sungura aliangusha masikio, akajifunika uso kwa viganja, akaanza kulia kwa kwikwi. Kisha sauti ya kitoto ikatoka ndani ya kishikwambi: "Oo, pole! Turudi mwanzo." Na kweli tukarudi, mimi na sungura, hadi somo la kwanza. Ilikuwa mara ya nne tangu masomo yaanze.

Tulikuwa ukumbini, mtaa wa Chemchem, walimu tisa wa vyuo vya Qur'ani vya mjini Tabora, kila mmoja na kishikwambi mapajani. Wanane walikuwa vijana. Mmoja wao niliwahi kumfuta kamasi kwa ncha ya mtandio wangu alipokuwa akijifunza alifu. Wa tisa nilikuwa mimi, mwanamke mwenye wajukuu. Kwikwi za sungura walizisikia wote wanane, kwa sababu hakufundishwa kunong'ona. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Waliinamisha vichwa, kila mtu kwenye kioo chake, kama watu walioona nguo ya mzee imefunguka.

Mwalimu wetu alikuwa binti aliyekuja na vishikwambi hivyo kutoka Dar es Salaam. Alikuja akachuchumaa karibu na kiti changu.

"Pole bibi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemnywesha mgonjwa uji. "Umejitahidi sana. Pumzika, kesho tutajaribu tena."

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Kilichonipeleka pale ni darasa langu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimesomesha wanawake kwenye baraza ya nyumba yangu, Gongoni. Wanakuja baada ya sala ya alasiri. Wengi wanatoka Isevya: wauza nyanya, wauza mkaa, mama lishe. Wanakuja na mikono inayonuka vitunguu na watoto migongoni. Nawafundisha kusoma Qur'ani, nawafundisha sala na twahara, na yale mambo ya ndani ambayo mwanamke hawezi kumuuliza shehe. Sijawahi kumtaka mtu ada. Anayeleta sukari namshukuru, na asiyeleta namshukuru pia, kwa sababu amekuja.

Mwaka huu kamati ya msikiti ilipata vishikwambi kutoka kwa wafadhili. Ndani yake mna masomo ya kusoma na kuandika, hesabu, na masomo ya dini yenye picha. Niliposikia nilimshukuru Mungu, kwa sababu wanawake wangu wengi wanajua kusoma msahafu lakini hawawezi kusoma kadi ya kliniki. Lakini wafadhili waliweka sharti. Darasa lingepewa vishikwambi ikiwa mwalimu wake amemaliza masomo yote yeye mwenyewe na kufaulu mtihani kabla ya Ramadhani. Kamati nayo ikaongeza la kwake: darasa ambalo mwalimu wake hatafaulu litahamia ukumbini Chemchem, kwa mwalimu mwingine.

Huyo mwalimu mwingine ni kijana mwema mwenye sauti nzuri ya kusoma. Sina neno naye. Lakini wanawake wangu nawajua. Yule anayejifungua kila mwaka asingemuuliza kijana yule habari za damu. Muuza mkaa asingekanyaga vigae vya ukumbi kwa miguu yake ile. Wangekwenda wiki moja, kwa heshima, kisha mmoja mmoja wangeanza kuwa na udhuru. Baraza yangu ingebaki tupu, na wao wangebaki bila chuo. Hilo ndilo nililokuwa nikipigania na yule sungura.

Mtu asidhani kwamba sijui kusoma. Baba yangu alinifundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa mji huu walivyoandikiana barua tangu misafara ilipokuwa ikipita hapa kwenda na kutoka pwani. Mahitaji ya sokoni, majina ya wanafunzi, saa za dawa za wajukuu, vyote naandika hivyo mpaka leo. Herufi hizi nyingine nilizipata ukubwani, katika madarasa ya jioni ya watu wazima. Nazisoma polepole, lakini nazisoma. Somo la kwanza nilipita. La pili nilipita. Lililonikwamisha ni la tatu, na la tatu halina hata neno moja.

Lina picha nne zilizochanganywa. Unaziburuta kwa kidole uzipange, ipi inaanza na ipi inafuata. Zilikuwa picha za shamba: mtu analima, anapanda, anapalilia, anavuna. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Kinyamwezi. Nimelima matuta ya viazi nikiwa na mimba ya miezi minane. Nikapanga: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna. Sungura akaangusha masikio. Nikatazama upya, sikuona kosa, nikapanga vilevile. Masikio tena. Mara ya tatu nikaanza kujishuku. Labda siku hizi watu wanapalilia kwanza? Nikapanga ovyo. Hapo ndipo zilipokuja kwikwi na ile safari ya kurudi mwanzo. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kimeshafutika, binti alipofika hakuona nilichopanga. Aliona mwanamke mzee na somo la kwanza.

Ilikuwa hivyo kila siku kwa wiki mbili.

Katika wiki hizo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelijua kwa miaka yote ya kusomesha. Aibu haimfanyi mtu kuwa mjinga, inamsahaulisha anachokijua. Nyumbani nilikuwa nawasha kishikwambi vizuri, naongeza mwanga, napunguza sauti. Ukumbini, mbele ya wale vijana wenye heshima, kidole kilikuwa kama cha mtu mwingine. Nilianza kuchelewa makusudi. Nilianza kuombea umeme ukatike ili vishikwambi visichajiwe. Mimi! Mimi ambaye nimewaambia wanawake mia kwamba anayekimbia somo anakimbia rehema.

Wala sisemi kwamba zamani tulisomeshwa vizuri zaidi. Baba alikuwa na ufito. Kaka yangu alichapwa kwa ajili ya herufi moja mpaka akatoroka, akaenda kufanya kazi relini, na hadi anafariki hakuushika msahafu ila kuubusu. Alikuwa na akili kuliko mimi. Nilipopata darasa langu mwenyewe, ule ufito wa baba niliuvunja nikautia jikoni, ukanichemshia chai. Hofu inasomesha, sikatai, lakini baadaye inakuja kudai chake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba na kubembelezwa nako kunadai.

Ijumaa moja baada ya sala alikuja mwenyekiti wa kamati. Ni mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa zile familia za Kiarabu zilizofika hapa enzi za misafara, na alifu yake ya kwanza aliisoma kwangu akiwa na miaka sita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na habari mbaya, maana hujakaa."

Akakaa. Akauliza hali ya magoti yangu, hali ya wajukuu, hali ya paa. Nikamjibu yote. Kisha akasema, "Mwalimu, kamati tumeonelea tusikusumbue. Siku wenzako watakapopokea vyeti, na wewe utapewa cheti cha heshima. Na zawadi: msala, jozi ya khanga, na kitu kidogo. Watu wote waione kazi uliyofanya. Darasa tutalibeba sisi. Wewe tukupumzishe."

"Anayepumzishwa ni maiti."

"Astaghfirullahi! Sikukusudia hivyo, mwalimu."

"Najua. Hicho cheti cha heshima maana yake nimefaulu?"

"Maana yake tunakuheshimu."

"Hilo sijakuuliza. Nimefaulu au sikufaulu?"

Akajikuna ndevu. "Mwalimu, vitu vile hata mimi vinanishinda. Ni vitu vya vijana."

"Na wewe ulipoletwa hapa ulisema alifu ni kitu cha watu wazima. Ukajificha chini ya kitanda cha kamba. Nilikupa cheti cha heshima nikakurudisha kwa mama yako?"

"Hapana."

"Nilifanya nini?"

Akatazama sakafu, na uso wake ukarudi kuwa wa miaka sita. "Uliingia chini ya kitanda, na ubao."

"Haya. Nenda kawaambie kamati."

Alipofika mlangoni akageuka. "Mtihani ni baada ya wiki mbili, mwalimu. Siwezi kuusogeza mbele."

"Nani kakuomba?"

Jioni ile, baada ya magharibi, nilibaki kwenye msala nikajihoji. Je, ni kwa ajili ya wanawake wale, au ni kiburi cha mwanamke asiyetaka kushindwa mbele ya watoto aliowafundisha? Sikupata jibu safi. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Nikamwambia Mola wangu kwamba kiburi akivunje kwa njia aitakayo, lakini darasa aniachie. Watu wamezoea kuniambia kwamba mzee awe na subira, na wanakusudia kwamba mzee akae pembeni. Subira niliyofundishwa mimi haikai. Inatembea na mzigo kichwani na haiutupi.

Kesho yake binti wa vishikwambi alikuja nyumbani. Nadhani mwenyekiti ndiye aliyemtuma aje kunilainisha. Nilimkaribisha barazani, nikamtilia chai yenye asali, nikamwekea sahani ya matobolwa. Akachukua kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Matobolwa. Viazi vitamu. Vinachemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vikauke."

Akauma. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. "Vitamu," akasema, machozi yakimlengalenga kwa kazi ya taya.

"Kwenu mnakula nini?"

"Kwetu hasa ni Kisarawe, bibi. Muhogo, nazi, vitu laini."

"Kisarawe? Wewe Mzaramo?"

"Ndiyo bibi. Baba na mama."

Nikaweka kikombe chini. "Wiki mbili! Mzaramo amekaa mbele yangu wiki mbili nzima, ananiambia pole!"

Akashtuka. "Nimekukosea, bibi?"

"Wewe ni mtani wangu! Hukufundishwa?"

"Nimeona msibani tu. Watani wanakuja wanavuruga mambo, wanataka hela ndipo jeneza lipite. Sijui zaidi."

Basi nikamweleza kama nilivyoelezwa. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, miezi kwa miezi kwa miguu, na alipofika Uzaramo alikuwa na madonda mabegani na tumbo tupu. Wazee wa binti huyu wakamcheka mwendo wake, wakamnyang'anya kibuyu, wakamwita punda, kisha wakampa muhogo na mahali pa kulala. Na watu wa kwao walipopanda huku bara, sisi tukawafanyia vivyo hivyo. Ndivyo utani ulivyokaa kati yetu. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na huwezi kukasirika. Lakini sijawahi kumwona mtani anayembembeleza mtani wake.

"Kwa hiyo sasa nitukane," nikamwambia.

"Bibi! Wewe ni mzee. Nitapata laana."

"Laana utaipata kwa kunibembeleza. Sema."

"Niseme nini?"

"Kila siku unaniona nashindwa. Unadhani sijui kwamba una neno tumboni?"

Akatazama matobolwa, akatazama mlango, kama kwamba mama yake angetokea. Kisha kwa sauti ndogo sana: "Wanyamwezi... vichwa vyenu mmevizoesha mizigo juu. Ndani hakiingii kitu."

Akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilicheka mpaka mtandio ukaanguka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu masomo yaanze. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifanya mzaha na wenzake na hakusema ila kweli. Na binti huyu alikuwa amesema kweli yake.

"Alhamdulillahi!" nikasema. "Ilikuwa wapi siku zote? Na wewe Mzaramo, uliyelelewa kwa ngoma na tui la nazi, ambaye ukiona jembe unadhani ni mwiko wa kusongea ugali, ndiwe utakayenifundisha mimi kulima?"

"Kulima? Lete hicho kishikwambi tuone huko kulima kwako!"

Nikawasha. Kidole kilikuwa changu tena. Nikapita la kwanza, nikapita la pili, nikapanga zile picha nne za shamba, na kabla sijabonyeza akanishika mkono akapiga ukelele.

"Heee! Mnyamwezi gani huyu anavuna ndipo anatafuta jembe?"

"Nani kavuna?"

"Wewe! Huyu wa kwanza ana kapu la mahindi! Kwenu mahindi yanaota yenyewe kama ndevu?"

"Una tui machoni? Wa kwanza huyu hapa, ana jembe." Nikaweka kidole kwenye picha yangu ya kwanza, mwisho kabisa wa kioo, upande wa kuume.

Akatazama kidole changu. Akatazama picha, akairudia safu yote kwa macho, kutoka kwenye kidole changu kwenda upande wa pili. Kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna.

"Bibi," akasema polepole, "umeanzia wapi?"

"Panapoanziwa."

"Kishikwambi kinaanzia kushoto."

Kuandika kwangu kote kunaanzia kuume. Na si kuandika tu. Ninakula kwa mkono wa kuume, ninaingia msikitini kwa mguu wa kuume, ninaosha mkono wa kuume kabla ya mwingine, ninavaa mkono wa kuume wa gauni kwanza. Herufi za Kirumi zinatoka kushoto, hilo nilifundishwa pamoja na zile herufi. Lakini picha si herufi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba na picha zina njia yake. Nilipopewa picha nne za kazi ya halali, mkono wangu ulikwenda kule ambako kila jema linaanzia.

Na kwa wiki mbili hakuna aliyeliona, kwa sababu kila aliyekuja kunitazama alikuja na pole mkononi, akanipa, akaondoka. Pole haikuhitaji mtu atazame nilichofanya. Mtani ndiye aliyetazama, maana ukitaka kumcheka mtu vizuri lazima kwanza uone kosa lake.

Sitadanganya kwamba nilifurahi papo hapo. Nilikasirika upya, na safari hii hasira ilikuwa na anwani. Nilimwambia binti awaandikie waliotengeneza kitu kile, awaeleze kwamba kuna watu duniani wanaoanzia upande wa pili na si wagonjwa. Akaandika mbele yangu. Baada ya siku tatu walijibu kwamba wanashukuru kwa maoni. Hawakubadili kitu. Basi nikasema kama wao hawaji kwangu, mimi nitakwenda kwao, nichukue ninachokitaka, nirudi nyumbani nacho. Babu wa babu yangu alifanya hivyohivyo na pwani.

Siku ya kwanza tulipofanya utani ukumbini, vijana wanane walitaka kukimbia.

"We dada!" mmoja akamfokea binti. "Huyo ni mwalimu wetu!"

"Kwenu ni mwalimu. Kwangu ni mzigo kutoka bara. Mnyamwezi, futa hilo jibu, linanitia kichefuchefu."

"Nalifuta, na wewe futa huo wanja, umefanana na kanga aliyekosa usingizi."

Kikaingia kicheko kimoja, kikaingia cha pili, na nyoyo zikafunguka. Nilidhani utani ule ulikuwa dawa yangu peke yangu. Lakini yule kijana mwenye sauti nzuri, ambaye darasa langu lingekwenda kwake, aliinua mkono akakiri kwamba kugawanya hajawahi kukuelewa na kwamba alikuwa akichungulia kwa jirani. Jirani naye akakiri kwamba alikuwa akibahatisha. Tukacheka mpaka tukakumbushwa na adhana. Siku ile wote tulisoma kugawanya upya.

Kijana mmoja wa Kinyamwezi alifurahia mambo hayo kupita kiasi, akajaribu na yeye kunirushia neno. Nikamgeukia. "Wewe si mtani. Wewe ni mwanangu. Kaa chini." Akakaa. Tusi peke yake halisomeshi mtu, hata baba alikuwa nayo mengi. Kilichonisomesha ni kwamba yule binti alikuwa na haki nami, na mimi nilikuwa na haki naye, na haki hiyo ni ya zamani kuliko sisi sote wawili. Alikuwa akinitukana kama mtu wa kwao.

Hata sungura nilimzoea. Akianza kwikwi namwambia, "Nyamaza. Sungura wa hadithi zetu halii, huwaliza fisi." Nikikosea nakosea, napanga tena.

Siku ya mtihani kamati ilikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Binti aliwekwa nyuma na kuambiwa asitoe sauti. Mwenyekiti, kwa wema wake, alisimama akasema labda mwalimu mkongwe asomewe maswali.

"Nisomewe kwa nini? Macho ninayo."

"Ili iwe rahisi, mwalimu."

"Nikitaka rahisi nitakuja kwako kununua kitambaa."

Wakacheka, tukaanza. Kusoma kulikwenda polepole, nikamaliza. Hesabu ilikwenda vizuri, kwa sababu mwanamke aliyelea watoto saba kwa gunia moja la mahindi anajua kugawanya. Kisha zikaja picha. Hazikuwa za shamba. Zilikuwa za udhu: mtu anaosha viganja, anasukutua, anaosha uso, na kuendelea mpaka miguu.

Mkono ulikwenda kuume wenyewe. Kwa nini usiende? Udhu! Maisha yangu yote nimewafundisha watu waanze kuume katika udhu, na sasa kioo kilitaka niuanzie kushoto. Niliushika mkono kwa mkono wa pili, hewani, mbele ya kamati. Walidhani natetemeka kwa uzee. Nikawaza kwamba ningeweza kuipanga kwa njia yangu, nikasimama, nikawaambia kamati nzima nani yuko sahihi. Moyo ulitaka hivyo sana. Lakini wanawake wangu hawakunituma pale kwenda kumshinda sungura kwa hoja. Nikasema Bismillahi, nikaburuta viganja kwa kidole changu cha kuume hadi kushoto kabisa. Mwenyezi Mungu anajua nilikoanzia.

Nilipata nyota mbili. Nyota mbili ndizo zilizotakiwa. Kijana mwenye sauti nzuri alipata tatu na akaja kunibusu mkono.

Kamati ikapiga makofi. Binti kule nyuma hakupiga. "Mbili tu, Mnyamwezi?" akapaza sauti. "Ya tatu umeitua njiani?"

"Ya tatu nimewaachia Wazaramo mkanunulie ngoma!"

Mwenyekiti akaja na vyeti viwili. Kumbe kile cha heshima walikuwa wameshakichapisha, kwa maandishi ya dhahabu, kizuri kuliko kile cha kufaulu. Akaniambia nichukue vyote.

"Hicho cha dhahabu kiwekeni," nikasema. "Siku mtakayonipumzisha kweli, mtakisoma."

Akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anatabasamu. Vishikwambi kumi na viwili vililetwa Gongoni siku ya tatu, na aliyevileta alinitaka nitie saini. Nilitia kwa herufi za baba yangu.

Jioni ile wanawake wangu kumi na mmoja walikaa barazani na vile vitu mapajani, wakivishika kama watu waliokabidhiwa mayai. Nikawakataza kuviwasha. Nilitaka kwanza kila mmoja aniambie amekuja kutafuta nini, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kwamba kioo hakiulizi.

Muuza nyanya akasema anataka kusoma ujumbe wa simu yake mwenyewe, bila kumpa jirani asome kwanza. Muuza mkaa akasema kadi ya kliniki. Mama lishe mmoja akasema yeye hataki kishikwambi, anataka kumaliza Yasini kwa ajili ya mama yake, lakini kama vyote vinakuja pamoja basi atavumilia. Tukacheka. Tukafika kwa wa mwisho, mwanamke mdogo wa Isevya ambaye hukaa karibu na ngazi ili awe wa kwanza kuondoka. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni, na hakuinua macho.

"Na wewe?"

"Mume wangu amesema siwezi."

"Amesema lini?"

"Leo. Nilipokuwa natoka."

"Na ukatoka?"

"Nikatoka."

"Basi njoo ukae hapa mbele."